Gari Linalia, Mwizi Hayupo



Leo tuongee kuhusu kelele moja. Siyo ya baa, wala siyo ya vipaza sauti vya kanisa vilivyoelekezwa dirishani kwako. Hizo zina kesi zake na siku yake itafika. Naongelea king'ora cha gari. Kile kinachoanza saa nane za usiku, ndani ya uwanja uliofungwa geti. Mwenyewe anatoka na tochi, anazunguka gari, anamulika vioo, anamulika magurudumu. Hakuna mtu. Anabonyeza telekomandi, kelele inakatika, anarudi kulala. Hajapata joto bado, gari linaanza upya.

Asubuhi jirani anampitia: "Papa, gari yako imetuamsha tena." Naye anatoa jibu ambalo tumeshalisikia wote: "Inalia tu bure."

Mimi nabishana na jibu hilo. Gari halilii bure. Pengine halijaona mwizi, lakini limeona kitu, na kitu hicho kinapatikana kwa mtu mwenye subira na voltimita ya bei ndogo. Wengi wetu hatukitafuti. Tunamwita fundi akate waya wa king'ora, kimya kinarudi, tunamlipa, tunasahau. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Katika miji mingine king'ora kinacholia hovyo ni kero na basi. Kwetu Butembo na Beni ni jambo zito zaidi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, watu wa Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori wamezoea kulala sikio likiwa macho. Sauti ya usiku inapimwa kwanza: ni mvua juu ya bati, ni mbwa, au ni kitu cha kuwatoa watoto kitandani? Butembo nako, katika kata nyingi, silaha ya raia dhidi ya majambazi ni sufuria na filimbi. Nyumba moja inapiga, ya pili inaitikia, mtaa mzima unaamka, na mwizi anajua ameonekana. Mpango huo hauhitaji waya wala batri. Unahitaji kwamba aliyepiga kamsa awe na sababu. Gari linalopiga kamsa usiku baada ya usiku linatumia imani ya majirani ambayo haikuwa ya mwenye gari peke yake, na ikiisha, wanaobaki bila msaada ni mtaa wote, pamoja na mama asiye na gari.

Liko jambo la pili, la mchana na la barabarani. Nitalifikia. Kwangu mimi ndilo kubwa.

Tuanze na gari lenyewe. Magari mengi ya huku yalianza maisha Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, yakapita Uganda, yakaingia kwa Mpondwe na Kasindi. Mengine yametoka Dubai. Mengi kati ya hayo, hasa Corolla na Noah za miaka ya nyuma, hayakuja na king'ora kutoka kiwandani. Kimefungwa baadaye, Kampala au hapa hapa, kutoka ndani ya boksi ambalo wafanyabiashara wetu wa Butembo wanalijua tangu Guangzhou: kisanduku cheusi cha plastiki, telekomandi mbili, king'ora chenyewe, taa ndogo ya dashibodi, fungu la nyaya za rangi rangi, na karatasi ya maelezo yenye Kichina kizuri na Kiingereza kilichochoka.

Kisanduku kile hakijui mwizi ni nani. Ni kama mlinzi kipofu aliyekaa chini ya usukani, ameshika kamba: moja imefungwa kwenye milango, moja kwenye kapo, yaani boneti, moja kwenye mlango wa nyuma, moja kwenye batri, na nyingine inahisi mtikisiko. Kamba yoyote ikivutwa, anapiga kelele. Haulizi nani ameivuta. Kwa hiyo kazi yetu ni kujua kamba ipi.

Kuna visanduku vinavyojibu swali hilo vyenyewe, na wenye magari wengi hawana habari. King'ora kikishalia, ukakizima kwa telekomandi, usikimbilie kuwasha injini. Tazama ile taa ndogo kwenye dashibodi. Ikimeta mara kadhaa, ikapumzika, ikameta tena hesabu ile ile, inakutajia mahali: mlango, kapo, mtikisiko. Kila chapa ina hesabu zake, ndiyo maana ile karatasi ya Kiingereza kilichochoka haitupwi. Ukiwasha injini, taa inasahau, nawe umerudi gizani.

Sikiliza pia mlio wenyewe unavyokwenda. Kanuni namba 97 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ving'ora vya magari inataka mlio usipungue sekunde 25 wala usizidi 30, na vingi tunavyovisikia huku viko karibu na kipimo hicho. Kikinyamaza hakijaridhika, kinangoja. Gari lililolia mara moja kisha likatulia mpaka alfajiri limeguswa na kitu kilichopita njia, lori au paka. Gari linalolia, linapumzika dakika tano, linalia, linapumzika, lina ugonjwa ndani yake.

Mshukiwa wa kwanza ni batri. Naitanguliza kwa sababu ni rahisi kupima na ndiyo inayosahauliwa. Batri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila injini, isome kama 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imekwisha, hata kama asubuhi bado inaamsha injini kwa kulalamika. Visanduku vingi vikiona umeme unashuka ghafla vinadhani kuna mtu anakata waya wa batri, vinafanya kazi vilivyonunuliwa kuifanya.

Sasa tazama maisha ya magari yetu. Siku za ville morte, mji unapogoma, gari halitoki. Barabara ikiwa na habari mbaya, linakaa wiki. Kisanduku nacho kinakunywa umeme usiku na mchana, kidogo kidogo, tuseme miliampia 20. Kwa batri mpya ya ampia-saa 45 hicho si kitu, inavumilia mwezi na zaidi. Lakini ni wangapi kati yetu wana batri mpya? Batri nyingi tunazouziwa zimeshafanya kazi nchi nyingine na kustaafu huko. Hizo zinaanguka baada ya siku chache tu za kukaa.

Na Butembo iko juu, kwenye mita kama 1,800. Baridi yake ya usiku inaikamua batri dhaifu kuliko usiku wa Beni. Ndiyo maana mtu anakaa Beni gari likiwa kimya, anapanda Butembo, kilomita 54 tu, usiku wa kwanza gari linalia, naye anatangaza kwamba Butembo kuna wezi. Sina la kusema kuhusu wezi wa Butembo. Ila apime batri kwanza.

Kabla ya kununua nyingine, fungua vichwa vyake. Ule unga mweupe na wa kijani unaoota pale unatosha kuleta vurugu zote hizi. Maji ya moto, magadi kidogo, brashi ya zamani ya meno, kaza vizuri, pakaa vazelini. Unaweza kuokoa pesa za batri nzima.

Ukimwuliza fundi mzoefu, pengine atataka kuanzia kwenye kapo, na sitagombana naye. Chini ya kapo kuna kitufe chenye springi. Kapo ikifungwa kinabonyea, ikifunguliwa kinaruka juu na kumwambia kisanduku kwamba injini iko wazi. Kimewekwa mahali pabaya kuliko vyote: joto la injini, maji ya mvua, na lile vumbi letu jekundu ambalo likikutana na oili linakuwa udongo wa mfinyanzi. Kitufe kinakwama, kinapata kutu, au kinagusa na kuachia, kinagusa na kuachia. Ongeza kapo iliyowahi kugongwa ikanyooshwa kwa nyundo. Inaonekana imefunga, lakini imebaki milimita chache juu, na kitufe kiko katikati, hakijui kama ni usiku au mchana. Gari likipoa, chuma kikisinyaa kidogo, mgusano unaachia. King'ora.

Ubaya wa kapo ni kwamba katika magari mengi haina taa yake ndani. Mlango ukiwa wazi, dashibodi inakuambia. Kapo haisemi kitu. Kwa hiyo dashibodi ikiwa safi, milango imefungwa, na gari bado linalia, twende kwenye kapo. Kama king'ora ni cha kufungwa baadaye, chomoa waya wa kile kitufe, uufunge tepu usiguse chuma, ulale. Gari likinyamaza umempata. Lakini kama king'ora ni cha kiwandani, ngoja: baadhi ya viwanda vimekifunga kitufe kinyume, ukichomoa waya kisanduku kinahesabu kwamba kapo imefunguliwa na utaamsha mtaa kwa mikono yako mwenyewe. Hapo mwachie anayelijua gari hilo. Kitufe kipya ni bei ndogo, na kama kapo ndiyo imeinuka, kipande cha mpira wa tyubu chini ya kitufe kinamaliza kazi.

Milango ni rahisi zaidi kwa sababu inajisema yenyewe. Unapoendesha kwenye mashimo, kuna taa ya mlango inayometa kwenye dashibodi? Taa ya ndani inawaka na kuzima yenyewe? Basi usiku mlango huo huo ndio unaolia. Kwa teksi mara nyingi ni mlango wa abiria wa nyuma, ambao umebamizwa na kila mtu mwenye haraka mpaka bawaba zimelegea. Kwa Noah na magari ya namna hiyo, tazama mlango wa nyuma kabisa, ule unaoinuka. Nyaya zake zinapita ndani ya mpira kati ya bodi na mlango. Kila ukifungua zinajikunja, kila ukifunga zinajikunja, na baada ya miaka zinakatika ndani ya mpira ambamo huzioni. Vuta mpira ule polepole, utakuta nyuzi za shaba zimebaki mbili au tatu.

Mtikisiko. Hapa kuna vichekesho. Ndani ya gari kuna kidude kidogo chenye skrubu ya kuongeza na kupunguza ukali. Fundi anapofunga king'ora anataka mteja avutiwe, kwa hiyo anakaza ukali mpaka mwisho, anagonga kioo kwa kidole, king'ora kinalia, mteja anatabasamu, analipa. Usiku huo huo lori la Fuso lenye mbao linapita na mteja anaamka. Miji yetu yote miwili imepasuliwa katikati na barabara kuu. Anayelala karibu na bulvari Nyamwisi pale Beni anajua ardhi inavyotetemeka. Na tangu operesheni ya pamoja na jeshi la Uganda ilipoanza tarehe 30 Novemba 2021, magari mazito ya kijeshi yamekuwa sehemu ya maisha ya njia zetu. Ongeza radi za msimu wa mvua. Ongeza mti wa avoka: ukiegesha chini yake wakati wa matunda, usilaumu umeme. Ongeza paka wa Butembo, ambaye anajua kuliko sisi kwamba hakuna kitanda kizuri usiku wa baridi kama kapo ya gari lililofika sasa hivi. Dawa ni kurudisha skrubu nyuma, kidogo kidogo, mpaka gari lisishtuke kwa ngumi nyepesi kwenye bodi lakini lishtuke ukipiga kioo kwa nguvu. Na uhakikishe kidude chenyewe kimefungwa imara. Vingi nimevikuta vinaning'inia kwenye waya chini ya dashibodi.

Wenye Mercedes na magari mengine ya Ulaya wana kitu cha ziada: macho ya sauti ndani ya gari, yanayohisi hewa ikicheza. Ukiacha kioo wazi sentimita mbili kwa ajili ya joto la Beni, upepo unaingia, rozari uliyoitundika kwenye kioo cha dereva inabembea, na gari linakuona wewe Mkristo mwema kama jambazi. Nondo mmoja aliyefungiwa ndani anatosha pia. Funga vioo vyote, ondoa vinavyoning'inia, jaribu tena.

Sasa nije kwa kile kinachowafanya watu wataje uchawi. Gari linalia. Unachomoa batri. Linaendelea kulia. Majirani wanatazamana. Hakuna uchawi hapo: baadhi ya ving'ora vina batri yao ndogo ndani, ili mwizi akikata umeme wa gari bado vilie. Batri hiyo ndogo ina umri wake, miaka michache, kisha inavuja na kuvuruga mambo, na king'ora kinaanza kudhani kila usiku kwamba kimekatwa. Ving'ora vingi vya aina hiyo vina tundu la kifunguo kidogo ubavuni, cha kuvizima. Kifunguo hicho huwa kinapotea kati ya bandari na hapa. Ukinunua gari, kiulizie pamoja na karatasi za gari. Kama hakipo na king'ora kimezeeka, badilisha king'ora chote, hakuna haja ya kukifanyia matanga.

Telekomandi nayo isisahauliwe. Mtoto anaichezea, au iko mfukoni pamoja na simu na funguo, kitufe kinabonyezwa kwa mkao tu. Na katika mji wenye redio nyingi za mkononi, za walinzi, za mashirika, za askari, hewa imejaa. Telekomandi nyingi za Kichina zinasema kwenye megahezi 433.92, na redio nyingi za mkononi zinaongea jirani na hapo. Redio haiamshi king'ora kwa kawaida, ila inaweza kuifunika telekomandi yako isisikike. Unabonyeza, gari halisikii, unakasirika, unafungua mlango kwa ufunguo, na kwa sababu gari lilikuwa bado limewekwa macho, linalia usoni pako. Sogea karibu, bonyeza tena. Kama hali ni hiyo kila siku, hata asubuhi na mapema redio zikiwa kimya, badilisha batri ya telekomandi.

Namna ya kutafuta ni moja: usiku mmoja, badiliko moja. Ukisafisha batri, ukachomoa kapo, ukapunguza mtikisiko siku hiyo hiyo, gari likanyamaza, hujajifunza kitu. Na wakati unatafuta, funga gari kwa ufunguo badala ya telekomandi. Katika magari mengi yenye king'ora cha kuongezwa, hapo king'ora hakiwekwi macho, na majirani wanalala.

Nimesema kuna jambo kubwa zaidi. Ni nyaya, na hapa naomba wenye magari mkae karibu na redio.

Kile kisanduku chini ya usukani kina mkono mwingine zaidi ya kelele. Kina relei inayokata umeme ili gari lisiwake. Fundi mzuri anaikata kwenye waya wa stata peke yake: mwizi anazungusha ufunguo, hakuna kitu, lakini injini iliyokwisha waka haiguswi. Tatizo ni wale wanaoikata kwenye waya wa kuwasha injini, au kwenye pampu ya mafuta, kwa sababu mteja amependa ile ahadi iliyoandikwa kwenye boksi, kwamba ukinyang'anywa gari utalizima kwa mbali. Sasa injini yako yote inapita ndani ya relei ya bei rahisi, na ndani ya maungio mawili yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu nyeusi. Tepu ile inayeyuka gundi kwa joto la Beni. Mashimo yanatikisa. Shaba inapata kutu kwa unyevu wa Butembo. Siku moja muungano unaanza kugusa na kuachia, na dalili ya kwanza inaweza kuwa gari kulia usiku bila mtu.

Kisha mwenyewe anamwambia fundi akate waya wa king'ora. Kelele imekwisha. Muungano mbovu bado upo, na gari asubuhi linaelekea Kasindi.

Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80. Mradi wa kuijenga barabara hiyo na ile ya Beni–Butembo ulizinduliwa na marais wa Kongo na Uganda Juni 2021, na lami ni habari njema, lakini lami haitengenezi nyaya za ndani ya gari. Wanaosafiri njia hiyo, na ile ya Oicha kwenda Eringeti na Komanda, wanajua magari yameviziwa huko na kuchomwa. Kuna sehemu ambazo dereva anapita bila kupunguza mwendo, anayejua anajua. Injini ikizimika pale, ghafla, bila moshi, bila dalili, kwa sababu ya tepu iliyolegea, hakuna anayekumbuka kwamba gari liliwahi kulia usiku miezi mitatu nyuma na likanyamazishwa kwa mkasi.

Kwa hiyo kabla hujamlipa anayenyamazisha gari, mwambie akuonyeshe waya uliokatwa na relei. Akuonyeshe kwa kidole. Kama ni wa stata, vizuri. Kama ni wa kuwasha injini au wa pampu, mwambie aurudishe mzima, aunganishe kwa kulehemu kwa risasi na auvike mpira unaojikaza kwa joto, siyo tepu. Waya wa umeme wa kisanduku uwe na fyuzi yake karibu na batri, maana bila fyuzi muungano mbovu unaweza kuwasha moto. Waya wa chini uende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Fundi akikasirika kwa maswali hayo, mtafute mwingine. Mafundi wazuri wa umeme wapo katika miji yetu, baadhi yao walikomaa kwa kuhudumia jipu zilizokuwa zikizunguka wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, magari yaliyopigwa na barabara mbaya kila siku na yalitakiwa kuondoka kila asubuhi.

Kama huna haja ya kelele kabisa, kiondoe kisanduku chote, siyo king'ora tu. Nyaya zote za asili zirudishwe. Nasema hivyo kwa sababu kelele si ulinzi mkubwa kama tunavyodhani. Ulaya walilazimisha magari mapya, tangu Oktoba 1998, yawe na kizuizi cha injini: chipu ndani ya ufunguo, na kompyuta ya gari inayokataa kuwasha injini bila chipu hiyo. Kitu hicho hakipigi hata mluzi. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walihesabu kwamba kimepunguza wizi wa magari nchini mwao kwa karibu asilimia 40. Na Toyota nyingi zinazoingia kwetu zinacho tayari, tangu kiwandani: utaona taa ndogo ya gari au ya ufunguo ikimeta kwenye dashibodi gari likiwa limezimwa. Mtu anacho, hajui anacho, halafu analipia boksi la kelele la kuongeza juu yake, na nyaya za asili zinakatwa bila sababu.

Kizuizi cha injini hakizuii kioo kuvunjwa na redio kuchukuliwa, hiyo ni kweli. Kwa hilo bado mlinzi wako, geti lako na majirani wako wanafaa kuliko kisanduku. Ndiyo maana ningependa mwenye gari linalolia aende asubuhi kwa kiongozi wa nyumba kumi na kwa majirani wa pande zote, aseme: gari lina ugonjwa, natafuta, nitawaambia likipona. Na anayekaa Beni, akisafiri na kuacha gari nyumbani, aache telekomandi ya pili kwa mtu mzima wa pale, maana usiku hakuna atakayetoka kwenda kumtafuta.

Siyo magari tu. Tuna ujumbe wa kijana wa pikipiki, anauliza: Boxer yake imewekwa king'ora, kila akiiacha siku nne au tano asubuhi haiwaki, na usiku inalia lia kwa sauti iliyochoka. Mdogo wangu, hesabu ni fupi. Batri ya pikipiki ni ndogo, ampia-saa 5 hivi. Kisanduku kikinywa miliampia 20, kwa siku kinamaliza karibu nusu ya ampia-saa. Siku ya tano umebaki na nusu ya batri, na kama ni ya zamani, huna kitu. Hiyo sauti iliyochoka ni batri inayokufa. Ukijua hutaipanda siku kadhaa, chomoa fyuzi ya king'ora, funga gurudumu kwa mnyororo, uingize pikipiki ndani ya nyumba kama unavyofanya siku zote.